Nyoka wa kijani kwenye mparachichi

SWALI: Mzee, shikamoo. Nyuma ya jiko letu hapa Mukono kuna mparachichi. Juzi mke wangu aliona nyoka wa kijani, mrefu kupita mtu mzima, mkia mweusi tii, akipita tawini kuelekea kwenye bati. Jirani anasema nyoka wa kijani hana sumu, tumwache. Watoto wanacheza pale pale. Je, ni kweli? – Baba Sula, Mukono

JIBU: Marahaba, Baba Sula. Si kweli, na kabla hujasoma zaidi, watoe watoto chini ya mti huo.

Jirani yako hakutunga. Nyoka wengi wa kijani tunaowaona karibu na maji ni wale wembamba wanaokula vyura, na hao hawana madhara kwa mtu. Lakini rangi hiyo hiyo anayo mamba wa Jameson (huyu ni nyoka wa mitini, si yule mamba wa majini), ambaye sumu yake inaua, na anaishi kwenye misitu na miti ya huku kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria. Anayo pia bumslangi dume, nyoka mwingine wa mitini mwenye sumu kali. Jike wake mara nyingi ni wa kahawia, kwa hiyo ukimtafuta kwa rangi ya kijani tu, humpati.

Ninachokishika katika maelezo ya mama Sula ni huo mkia. Nimewalisha nyoka kwa miaka mingi kule Entebbe, na mamba wa Jameson wa upande wetu namfahamu kwa karibu, kioo kikiwa kati yetu. Kichwa ni chembamba na kirefu, koo limepauka. Mgongo ni kijani kibichi, halafu kadiri unavyoshuka nyuma, kila gamba linapata ukingo mweusi, ukingo unapanuka, mpaka mkia wote unakuwa mweusi. Bumslangi kichwa chake ni kifupi, macho makubwa mno. Siwezi kuapa bila kumwona, ila mrefu, kijani, mkia mweusi, juu ya mti: mhesabuni kuwa ni mamba.

Nyoka wa ardhini alama zao husaidia zaidi. Kifutu ana alama za V mgongoni, ncha zikielekea mkiani. Hata hapo yupo mwigaji, nyoka mla mayai, asiye na sumu, anayejikunja na kusugua magamba mpaka asikike kama kifutu anayefoka. Kwa hiyo naomba sana, mtu asiende karibu ili ahakikishe.

Msimpige mawe wala kumfuata juu. Akishaondoka, mchana kweupe, kateni matawi yote yanayogusa bati, maana hiyo ndiyo njia yake. Mkimwona tena, iteni watu wa wanyamapori.

Na akimuuma mtu, Mungu apishe mbali, sumu ya mamba hushika neva na inaweza kuzuia pumzi, hivyo hakuna muda wa kupoteza. Mvueni pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikisike, asitembee, mbebeni moja kwa moja hospitali. Msimfunge kamba, msimchanje, msipoteze dakika kutafuta jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu. Wala msihangaike kumuua nyoka ili mumpeleke kwa daktari; picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na kama hakuna picha, nendeni hivyo hivyo.