Wanawake wanne na bili moja ya umeme: winta yetu Barra de Navidad

Tuliporudi mwaka wa kwanza, kila mtu aliniuliza bahari ya Meksiko ikoje. Hakuna aliyeuliza habari za umeme. Laiti wangeuliza, maana bahari ilikuwa nzuri siku zote, ila bili ya umeme nusura ituvunjie udugu wa miaka kumi na minne.

Tuko wanne, sote wakaazi wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, sote tumeshavuka hamsini na tano. Mimi ni mtu wa Tanga, nimestaafu jikoni kwenye nyumba ya kulea wazee. Wenzangu nitawaita tunavyoitana wenyewe: Dada Likoni, Mwalimu, ambaye alifundisha Bujumbura kabla ya vita kumtoa, na Mama Bukavu. Tulijuana kwa upatu (Dada Likoni anauita chama, tumeshachoka kubishana). Januari moja Mwalimu aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake, akavunjika kifundo cha mkono. Tulipokwenda kumjulia hali, nje ilikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri, na tukiwa tumekaa na makoti yetu ndani ya nyumba ya mtu, mmoja wetu akasema: hivi sisi tunamngoja nani? Mwaka ule pesa za upatu hazikugawanywa. Zilikwenda kwenye nyumba ya miezi mitatu, Januari hadi Machi, katika mji mdogo wa pwani ya Pasifiki.

Barra de Navidad uko mwisho wa kusini wa pwani ya jimbo la Jalisco, karibu kabisa na mpaka wa Colima. Ni ulimi wa mchanga: upande mmoja ghuba, upande mwingine wangwa wenye mikoko, katikati mitaa michache unayoimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Uwanja wa ndege ni wa Manzanillo, si mbali kwa teksi. Tuliuchagua kwa sababu hauna maghorofa ya hoteli kama Cancún, na kwa sababu saa zake ni zile zile za Minnesota wakati wa baridi, kwa hiyo wajukuu wakipiga simu baada ya shule hakuna hesabu ya kufanya.

Kabla ya nyumba, karatasi. Mwenye uraia wa Marekani haombi viza ya utalii Meksiko. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Burundi au Kongo kwa kawaida anatakiwa viza, lakini akiwa na grinkadi hai (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), haihitaji, na ndivyo Mwalimu alivyoingia. Afisa wa uhamiaji anaweza kukupa hadi siku 180, lakini si lazima akupe zote, kwa hiyo soma idadi aliyokuandikia kabla hujaondoka dirishani. Wenye grinkadi, msikae nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo kama mnautaka uraia, maana hesabu ya miaka yenu inaweza kukatika. Na ambaye kesi yake ya ukimbizi bado iko mezani, mwanangu, usiguse tiketi kabla hujaonana na wakili. Bahari haitahama.

Bima pia. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa kawaida haivuki mpaka. Sisi tulinunua bima ya safari, na kwa mafua na tumbo tukawa tunakwenda kwa daktari wa pale pale kando ya duka la dawa, ambaye bei yake ni ya kawaida kabisa, hungojei wiki tatu.

Sasa nyumba. Vyumba vinne, ukumbi, jiko, kibaraza chenye kamba za bembea. Kodi tuligawanya kwa nne, tukashikana mikono, tukadhani tumemaliza. Tulikuwa na kopo la biskuti juu ya friji: kila Jumapili kila mtu anatia kiasi kilekile, na chakula kinanunuliwa humo. Nani angekuwa na neno? Sisi si watoto, tumefahamiana, tumezikana.

Umeme haukuwemo kwenye kodi. Mama mwenye nyumba alitueleza siku ya kwanza, sote tukaitikia kwa vichwa. Kule bili huja kila miezi miwili, na bei ya uniti hupanda kwa ngazi: ukitumia kidogo serikali inakubebea, ukitumia sana unabeba mwenyewe. Anayetumia pangaboi tu haumii. Anayelaza kiyoyozi usiku kucha ataumia.

Mama Bukavu alikilaza. Yeye kakulia milimani juu ya ziwa Kivu, ambako watu hulala na blanketi mwaka mzima. Joto la Barra, ambalo kwangu lilikuwa ni Tanga ya mwezi wa saba, kwake lilikuwa homa. Akawa anafunga dirisha saa mbili usiku na kuwasha. Chumba changu kilipakana na chake. Nilikuwa nalala nikisikiliza maji ya kiyoyozi yakidondoka kwenye ndoo, tone, tone, na kila tone mimi nalihesabu kama peso.

Nikasema? Sikusema. Mtu mzima utamwambiaje mtu mzima mwenzio azime kitu chumbani kwake? Niliona haya. Nilichofanya ni kibaya zaidi: nikawa namwambia Dada Likoni sokoni, na Dada Likoni akawa anamwambia Mwalimu ufukweni. Mama Bukavu akiingia jikoni, tunanyamaza. Wiki sita tulikwenda hivyo, na picha tulizokuwa tunatuma Minneapolis zote tunacheka.

Bili ikaja mwisho wa Februari. Peso 5,400, kama dola 300 kwa bei ya siku zile. Tuliiweka mezani, tukaizunguka kama nyoka, kila mtu akaenda zake.

Aliyevunja kimya ni Mwalimu, na alivunja kwa namna yake. Yeye ni Mkatoliki, na kanisa la pale lina msalaba wa ajabu: Kristo wake mikono imeshuka, imening'inia ubavuni. Ilianguka mwaka 1971, kimbunga Lily kilipoupiga mji, na watu wa Barra wanaamini aliishusha ili kukizuia. Jumapili ile Mwalimu akarudi kutoka misa, akavua kitambaa, akasema, "Hata Yesu wa hapa alichoka akashusha mikono. Na mimi nashusha yangu. Kaeni."

Tukakaa. Nikasema langu la kiyoyozi, sauti ikinitetemeka kama mwizi. Mama Bukavu akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema lake, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Mimi na Dada Likoni ni Waislamu. Nyama ya kuchinjwa kwa sheria Barra hakuna, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inakula samaki, na Mama Bukavu, kwa kutuheshimu, hakuwahi kuingiza nyama jikoni. Naye harufu ya samaki wa bahari haivumilii. Wiki zote hizo alikuwa anatia kwenye kopo sawa na sisi, halafu anakwenda kununua chakula chake mgahawani kwa pesa zake. Hakusema. Aliona haya.

Kwa hiyo ushauri wangu, dada yangu unayepanga na mashoga zako, ni huu, na ningeupata mapema ningeokoa wiki sita za usingizi: kabla hamjakata tiketi, kaeni siku moja mzungumze yale tu ambayo mnaoneana haya kuyazungumza. Nani analala na baridi. Nani hali nini. Nani anakoroma. Mgeni wa mtu, mtoto au mume, akija kwa siku kumi, analala wapi na analipa nini. Anayekaa nusu ya muda analipa nusu au chumba kizima? Sisi tuliamua chumba kizima, kwa sababu chumba kitupu hakikodishwi na mtu mwingine. Mambo mazuri hayahitaji kikao, yatajipanga yenyewe.

Siku ile ile tulibadilisha utaratibu. Kopo likawa la vitu vya wote tu: maji, gesi, sabuni, mchele, vitunguu. Samaki wananunua walaji wa samaki. Mita tukawa tunaisoma kila Jumapili na kuandika kwenye karatasi mlangoni mwa friji, na mwenye kiyoyozi anaongeza chake juu. Mama Bukavu alinunua feni kubwa ya kusimama, na nusu ya usiku akawa anatumia hiyo. Bili ile ya kwanza? Tuligawana kwa nne. Mimi ndiye niliyeomba iwe hivyo.

Kuna jambo la pili tulilojifunza, dogo zaidi: msifuatane kama bata. Wiki ya kwanza tulikwenda kila mahali wanne, na kufika ya pili tulikuwa tunachokana. Mwalimu ndiye aliyeanza kuondoka alfajiri peke yake, kutembea mchangani kuelekea Melaque, mji ulio upande wa pili wa ghuba, kisha anarudi kwa basi. Mimi asubuhi yangu ikawa kando ya wangwa, nikitazama boti zinavyovusha watu kwenda Colimilla. Saa kumi jioni tunakutana kibarazani, na kila mtu ana habari ya kuleta.

Na jikoni ndipo nilipofurahi kuliko ufukweni, niseme kweli. Pwani hii imejaa minazi. Mbuzi yangu ya kukunia nazi niliisafirisha kwenye sanduku la mizigo (usiibebe mkononi, ina chuma), na jirani alipoikuta nimeikalia kibarazani alimwita dada yake, akamwita na mama yake, waje waone. Wao dafu wanalinywa kama sisi, kisha nyama yake wanaikatakata na kuitia ndimu, chumvi na pilipili, jambo ambalo sisi tunalifanyia embe bichi na hatukuwahi kufikiria kulifanyia dafu. Samaki wanayemwita sierra ni ndugu wa nguru. Ukwaju upo, wanautengenezea juisi. Iliki ndiyo utabeba kutoka nyumbani.

Siku tuliyokwenda Manzanillo tukamkuta mtu anauza tuba, na mimi nikasimama njiani kama niliyeona jini. Ni utomvu wa mnazi, unagemwa juu kule kule kwenye kilele, kama tembo letu la mnazi. Wanautia karanga na vipande vya tofaa. Elimu hiyo ililetwa na Wafilipino waliokuja na merikebu za Kihispania kutoka Manila, na msafara ulioifungua njia hiyo, wa Mhispania Legazpi, uliondoka hapa hapa Barra mwezi Novemba 1564. Asubuhi ni kinywaji kitamu tu, lakini jua likipanda kinachacha, wenzangu Waislamu mnielewe.

Tukiwa hapo hapo: maharage ya kupondwa, tamale (unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa kwa mvuke), hata baadhi ya chapati zao za ngano, mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Uliza kama kuna "manteca" kabla hujaagiza. Kibla ni kaskazini-mashariki. Pale unaipa bahari mgongo na hukosei sana. Jua linazama baharini, si kuchomoza, na ilinichukua wiki kuzoea. Maji pia hayapwi kama Tanga yakakuachia nusu kilomita ya kuokota kombe. Yanasogea kidogo tu, lakini wimbi la Barra linavunjikia miguuni na lina nguvu ya kumwangusha mwanamume. Hakuna mwamba nje wa kulikata. Wazee, mkaoge Melaque, ambako ghuba imetulia, na mtembee kwa kuburuta miguu mchangani ili taa, wale samaki bapa wenye mwiba, wakimbie wasiwachome kisigino. Jioni pakeni mafuta ya mbu, kwani usubi wa pale hawana adabu, na mbu wa dengi huuma hata mchana.

Kihispania hakikututisha kama nilivyodhani. Kinasomwa kinavyoandikwa, kama chetu, na njiani unakutana na jamaa: azúcar ni sukari, limón ni limau, mesa ni meza. Hata "ojalá" yao imetoka katika Kiarabu, pale pale penye Mungu akipenda. Tarehe 6 Januari jirani alituletea mkate wa duara wenye kitoto cha plastiki ndani. Kipande chenye kitoto kilimwangukia Dada Likoni, na desturi ni kwamba aliyekipata anawalisha watu tamale tarehe 2 Februari. Tamale hazijui. Alikaanga mahamri ya nazi na iliki, bakuli mbili kubwa, na mtaa ukala ukamaliza, na hadi tunaondoka watoto walikuwa wanamwamkia kwa jina la mahamri.

Jambo moja la kule mnakotoka: mkiondoka kwenye nyumba yenye baridi, fungeni maji kwenye valvu kubwa na muache joto likiwaka kidogo. Mimi niliacha joto nikasahau maji, na bomba la chini likapasuka mwezi wa pili. Mwanangu alilikuta zulia linaelea.

Mwaka huu tunaondoka tarehe 3 Januari, nyumba ile ile. Feni tuliiacha stoo kwa mama mwenye nyumba, na Mama Bukavu ameiandika jina lake kwa kalamu nyekundu, mbele na nyuma.