Mwajiri asema analipa kima cha chini: je, chama kina kazi gani tena?

SWALI: Assalamu alaykum, wakili. Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Tumeajiriwa watu 46, wanne wakiwa mameneja, na kuna vibarua 10 ambao wamekuwa wakija kila siku tangu Novemba. Sisi 20 tumejiunga na chama cha wafanyakazi, lakini mwenye hoteli amekataa kuketi nacho kwa kuwa, asema, analipa kima cha chini cha serikali. Je, ana haki? Na akitufuta kusi likiingia na wageni wakipungua?

JAWABU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Sababu aliyoitoa mwajiri wako si sababu, ingawa kwa leo hesabu iko upande wake. Kima cha chini ni mpaka ambao kushuka chini yake ni kosa la jinai; hakuna sheria isemayo kwamba mazungumzo yakomee hapo. Kiliponyanyuliwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, mpishi aliyekuwa akilipwa zaidi ya kima hicho hakupata haki ya kuongezwa hata shilingi moja. Nyongeza ya mtu kama huyo hutokana na makubaliano, na Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya inakipa kila chama haki ya kujadiliana kwa niaba ya wafanyakazi.

Hata hivyo, kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 humlazimu mwajiri kukitambua chama pale tu kinapowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Mameneja wenye mamlaka ya kuajiri na kufuta hawamo katika hesabu hiyo, kwa hivyo mwabaki 42, na mwahitaji saini 22 za wanachama. Mmepungukiwa na mbili.

Sasa watazameni hao vibarua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama angali analipwa jioni kwa jioni. Wakiingizwa, jumla yenu itakuwa 52 na mtahitaji saini 27. Wote kumi wakitia saini, mtakuwa 30 na mtakuwa mmevuka. Lakini wakihesabiwa bila ya kutia saini, mtakuwa mmerudi nyuma zaidi kuliko mlivyo leo, na mwajiri mjanja ataliona hilo kabla yenu. Niliwahi kumwona mmoja akiorodhesha hata walinzi walioletwa na kampuni nyingine, ili nusu isifikike. Kwa hivyo kila mmoja wenu ajaze Fomu S, ile ya kuruhusu ada ya chama ikatwe mshaharani, kwa maana mzozo ukizuka fomu hizo ndizo zitakazohesabiwa.

Mkishavuka nusu naye akazidi kukataa, chama kitaripoti mzozo kwa Waziri wa Leba ili ateue msuluhishi, na suluhu ikikosekana, shauri litakwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inaketi hapa hapa Malindi.

Kutambuliwa peke yake hakuongezi mshahara. Kinachouongeza ni mkataba wa pamoja, ule uitwao CBA, na katika kuuandaa mwajiri analazimika, kwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi, kukipa chama taarifa zinazohitajika katika majadiliano. Haki hii hutumiwa kwa uchache mno, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito zaidi: akisema hoteli haina uwezo, mwombeni hesabu za vyumba vilivyolala wageni. Wala msijadili asilimia peke yake. Posho ya nyumba na malipo ya miezi ya kusi mara nyingi humfaa mfanyakazi wa hoteli kuliko nyongeza ndogo ya mshahara. Mkataba ukishasajiliwa mahakamani, masharti yake huwa sehemu ya ajira ya kila anayehusika nao, hata asiye mwanachama, na ndiyo maana chama chaweza kuomba naye akatwe ada.

Kuhusu kufutwa: uanachama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na mahakama yaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Hatari iko katika kusi, kwa kuwa hapo neno “wageni wamepungua” huweza kuficha mengine. Akitaka kupunguza watu, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira chamtaka aarifu chama na afisa wa leba mwezi mmoja kabla, achague wa kuondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi na ujuzi, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Wote wanaoondolewa wakiwa ni wale 20 waliojaza fomu, mtakuwa na la kumwonyesha jaji, iwapo nakala za fomu hizo zimewekwa nje ya hoteli.