Kabla hujajiandikisha, nenda ukakione chuo chenyewe

Wadogo zangu wa mwaka wa sita, najua sasa hivi kichwa chote kiko kwenye Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Hata hivyo tafuteni asubuhi mbili tatu za kutembelea vyuo, hasa siku ambazo ninyi mko nyumbani na vyuo vinaendelea na masomo. Ukingoja hadi matokeo yatoke, utakuta kumbi tupu, foleni ya kujiandikisha, na kila mtu ana haraka ya kukupa namba ya akaunti ya benki.

Kabla ya kuchagua nilizunguka vyuo kadhaa hapa Lubumbashi, vya serikali na vya binafsi. Lango halikunisaidia kitu. Kuna chuo kilikuwa na maua yaliyokatwa vizuri na mama wa mapokezi anayekukaribisha kama mgeni wa harusi. Nikaomba kuona maabara. Ufunguo ukatafutwa weee. Mlango ulipofunguliwa, darubini zilikuwa zimefunikwa nailoni, na juu ya nailoni lile vumbi jekundu la kiangazi chetu limetanda, halina alama hata ya kidole. Anayesoma biolojia pale anazijua darubini kwa michoro ya ubaoni.

Mimi ningewashauri muanzie kwenye valve, ule ubao wa matangazo wa kila fakilite (kitivo). Simama usome kama unayesubiri alama zako. Je, ratiba ni ya wiki hii au ya mwezi uliopita? Masomo mangapi yamefutwa kwa kalamu? Matokeo ya muhula uliopita yamebandikwa, au promosheni nzima, yaani wanafunzi wote wa mwaka huo, bado inangoja? Halafu angalia majina ya walimu. Profesa anayetoka mji mwingine hufundisha somo lake lote kwa siku chache mfululizo, asubuhi mpaka jioni, kisha anapanda ndege kurudi. Si dhambi, maprofesa hawatoshi nchini. Lakini kama mwaka mzima unakwenda hivyo, jua utakaa bure wiki nyingi, halafu umezeshwe somo zima kabla hujalielewa nusu yake.

Ukikutana na wanafunzi, usiwaulize kama chuo ni kizuri. Watakuambia ni kizuri, wameshalipa. Mtafute kaka au dada wa mwaka wa mwisho, umuulize nani anamwongoza kwenye kazi yake ya kumaliza na mara ya mwisho wameonana lini. Muulize staji, yale mafunzo ya kazini, alifanyia wapi, na nani alimtafutia nafasi. Katika mji uliojengwa na shaba, ukikuta mwanafunzi wa migodi au metalajia anamaliza bila kukanyaga kiwanda, huhitaji swali lingine. Wa tiba waulizeni wanapangwa wangapi kwenye kitanda kimoja cha mgonjwa. Nenda Hospitali ya Sendwe asubuhi, utawaona kwa koti zao nyeupe.

UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wengi mnaifikiria kama kampasi ya Kasapa tu. (Ukimwambia dereva Kasapa, taja chuo, maana gereza nalo liko huko.) Ni chuo cha tangu 1955, na si fakilite zote ziko sehemu moja, kwa hiyo uliza yako inasomea wapi kabla hujatafuta chumba cha kupanga. Faida yake ni walimu na jina. Shida yake ni wingi wa watu: mwaka wa kwanza ukichelewa, unaandika umesimama au unasikilizia dirishani. Kaa ndani ya somo moja, nyuma kabisa, uone kama sauti inakufikia. Mwalimu hatakufukuza, wala hatakujua.

Kwa vyuo vya binafsi, nenda aparitora, ofisi inayoandikisha wanafunzi, uombe arete, yaani hati rasmi ya waziri. Sema kwa heshima: "Papa, naomba kuona arete ya wizara inayokubali fakilite hii." Si ya chuo kwa jumla, ya fakilite yako. Akianza kukuzungusha, usibishane, ondoka.

Pesa nazo ziulizwe zote. Minervali (ada ya masomo) inayotangazwa siyo yote: kuna silabusi, yaani vitini vya masomo, kazi za vitendo, staji, na gharama za kutetea kazi ya mwisho. Uliza kama unaweza kulipa kwa awamu, na mtihani unazuiliwa kwa awamu ipi. Hapo ndipo mzazi anafaa kuja nawe, kwa sababu mbele yake majibu hunyooka.

Kuna kaka atakuambia atakuelekeza kwa kuwa yeye alisoma L1 zamani. Ile yake ilikuwa mwaka wa nne, baada ya miaka mitatu ya gradua, shahada ya kwanza ya mfumo wa zamani. Tangu mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) uanze 2021-2022, L1 ndiyo mwaka wako wa kwanza, na lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180. Kwa hiyo chuoni omba orodha ya kredi za mwaka wa kwanza. Mahali pengine nilipewa papo hapo. Pengine sekretari aliniuliza ninaitakia nini.