Floraidi ya dawa ya meno ikiuzwa kwenye nchi yenye vita, kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nimesikia kwamba Uingereza iliwahi kuruhusu kampuni yake iuze kemikali ya floraidi Syria wakati vita imeshaanza, watu wakaja juu kwelikweli. Sasa mwanangu yuko kidato cha tano anasoma kemia, ananiambia hiyo floraidi si ndo ileile ya kwenye dawa ya meno! Kelele za nini basi? Na kama ilikuwa kosa mbona hakuna aliyefungwa? – Mama wa Tanga

JIBU: Njema mama, na kijana wako yuko sahihi kabisa, floraidi ya sodiamu ipo kwenye dawa ya meno na viwandani inatumika kusafishia na kung'arisha chuma. Ila hiyohiyo pia inaweza kuingia kwenye utengenezaji wa sarini, ile gesi ya sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kubishana kama kemikali yenyewe ni nzuri au mbaya hakutufikishi popote, cha kuuliza ni nani ananunua, kiasi gani, na huko inakokwenda kuna nini.

Ilikuwa hivi: Januari 2012 serikali ya Uingereza ilitoa leseni mbili, moja ya floraidi ya sodiamu na nyingine ya potasiamu, na maelezo ya waziri wa biashara wa wakati huo, Vince Cable, yalikuwa kwamba mzigo ni wa kusafishia alumini ya fremu za madirisha na za mabafu. Sawa, inawezekana kabisa ni kweli. Lakini hebu angalia tarehe. Desemba 2011, mwezi mmoja tu kabla, Umoja wa Mataifa ulishatangaza kwamba waliouawa Syria wamepita 5,000, na Syria yenyewe ilikuwa haijajiunga na mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, ilijiunga 2013 baada ya kubanwa. Yaani serikali inaua watu wake, imekataa mkataba, halafu wewe unasoma karatasi imeandikwa madirisha unagonga muhuri!

Leseni zilifutwa Julai 30, 2012, na serikali ikasema hakuna hata kilo iliyosafirishwa kwa leseni hizo. Naamini. Ila kilichosababisha zifutwe ni vikwazo vipya vya Umoja wa Ulaya, sio kwamba ofisini kuna mtu alistuka mwenyewe, na hapo ndo mimi naona wabunge wa Uingereza walikuwa na haki ya kupiga kelele. Mambo yakaja kulipuka magazetini Septemba 2013, siku chache tu baada ya shambulio la sarini la Agosti 21 huko Ghouta, pembeni ya mji mkuu Damascus, lililoua mamia ya watu, watoto wengi wakiwemo. Mwezi huohuo Ujerumani nayo ikakiri kwamba kati ya 2002 na 2006 iliruhusu tani kama 137 za kemikali za namna hiyo kwenda Syria, kansela wao wa wakati huo, Angela Merkel, akasema kwa wanavyojua zilikuwa za matumizi ya kiraia.

Kuhusu kufungwa: hapo hakuna sheria iliyovunjwa, leseni ilikuwa halali, nani afungwe? Aliyefungwa kwa biashara ya namna hii ni Mholanzi mmoja, Frans van Anraat, aliyemuuzia Saddam Hussein zaidi ya tani elfu moja za thiodaiglikoli, kemikali ya kiwanda cha nguo na wino ambayo pia inatengeneza gesi ya haradali, silaha inayounguza ngozi na mapafu. Wairaki wakaitumia kwa Wairani na Wakurdi. Alitiwa hatiani 2005, miaka 15, rufaa ya 2007 ikampandishia hadi 17. Mahakama iliona alijua.

SWALI: Si wapige tu marufuku kemikali zote kwenda nchi zenye vita yaishe? – Mdau, Muscat

JIBU: Hapana ndugu yangu, watu watakufa kwa kipindupindu. Klorini imetumika kama silaha Syria, wachunguzi wa shirika la kimataifa la kuzuia silaha za kemikali lililoko The Hague wamethibitisha, lakini bila klorini maji ya bomba hayanyweki. Ruhusu, ila fuatilia mzigo mpaka kwenye mtambo wa maji, usiishie bandarini.

SWALI: Nauza malighafi za sabuni na sanitaiza, wateja wengine wanavusha mzigo kwenda Kongo. Na mimi nahusika? – Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Unahusika kaka. Isopropanoli ya sanitaiza ni halali, ila nayo inaweza kuingia kwenye utengenezaji wa sarini, na Februari 2019 mahakama ya Antwerp ilizitia hatiani kampuni tatu za Ubelgiji kwa kupeleka Syria na Lebanoni kemikali bila leseni, isopropanoli ikiwemo. Walijitetea kwamba hawakujua kanuni imebadilika. Haikusaidia.

Wewe hakikisha umesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na una vibali, sheria ya kemikali ya 2003 inataka hivyo. Halafu mchunguze mteja: anayejiita mtengeneza sabuni lakini hajui inatengenezwaje, anayelipa keshi juu ya bei bila kubembeleza, anayetaka mapipa mengi kuliko kiwanda chake kinavyoweza kutumia, huyo mwambie mzigo umeisha. Na akikuomba ubandue lebo kwenye pipa, piga simu kwa Mkemia Mkuu siku hiyohiyo.