Maswali ya Wasomaji: Kamati yenyewe haina posho, niingie ya nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mie ni fundi wa mabomba, mwaka wa tisa huu naunga na kuziba, juzi bosi kaniambia chama cha watu wa sekta ya maji kinatafuta watu wa kuingia kamati ya ufundi ya mambo ya mabomba, na jina langu keshalipeleka. Nimeuliza posho naambiwa hakuna, ni kujitolea, halafu vikao vyenyewe usiku kwa intaneti. Humo kuna maprofesa na watu wa viwandani, sasa mie ntaongea nini? Au wananitafutia kazi ya bure tu?

JIBU: Marahaba fundi. Kazi ya bure ni kweli, tusidanganyane, na tena nyingi yake inachosha, unasoma drafti ya kurasa sitini usiku wakati kesho una mtaro wa kuchimba. Ila ngoja nikuulize, bomba jipya kabla hamjalifungulia wateja si mnaliua wadudu kwa klorini? Kwenye kiwango cha C651 (maandishi ya masharti ya kuua wadudu kwenye mabomba ya maji) cha American Water Works Association, chama cha watu wa maji cha Marekani, kuna njia ya kulijaza maji yenye klorini isiyopungua miligramu 25 kwa lita, yanalala humo saa 24, na mkija kupima isiwe imeshuka chini ya 10. Unadhani hizo namba alikaa nani akazipanga? Kamati, watu wenye ajira zao kama wewe, wanajitolea. Chama hicho kimeanzishwa 1881, viwango kikaanza kutoa 1908 kwa mabomba ya chuma, na mpaka leo wanaoandika ni hao hao wa kujitolea, waajiriwa wa chama kazi yao kuwaratibu tu.

Kuhusu utaongea nini, hapo ndo penyewe. Kamati za viwango hupangwa kwa makundi, wanaotumia (mamlaka za maji, yaani nyie), wanaotengeneza na kuuza, na wengine kama washauri na watafiti, ili kundi moja lisije likawaburuza wenzake. Sasa watu wa viwandani hawakosi kikao, maana kampuni zao zinawatuma, kwao ni kazini. Asiyekuwepo na lake halipo, fundi, kesho unaletewa valvu ambayo spana haiingii ukiwa ndani ya shimo unabaki kulaani, kumbe siku inajadiliwa kiti chenu kilikuwa kitupu.

Na ubishi wa mle mwingi ni wa neno moja moja, utashangaa. "Lazima" au "inafaa"? Inaonekana upuuzi mpaka mkandarasi agome kurudia kupima presha, mnafungua mkataba mnakuta "inafaa", basi kwisha habari yenu. Mtu aliyewahi kusimama kwenye mtaro anabishana na mkandarasi analiona hilo neno toka mbali, profesa anaweza kulipita. Ukiona kitu hakifai piga kura ya hapana, ila andika sababu na useme unataka isomeke vipi, maana hapana yenye sababu kamati inatakiwa iijadili na ikujibu. Ya kununa tu bila maelezo haikusaidii kitu.

Kabla hujakubali muombe bosi saa za kazi za vikao, asijifanye kakupa zawadi.

SWALI: Hizi kamati zimewahi kuleta nini cha maana zaidi ya makaratasi?

JIBU: Zamani kila mamlaka ilikuwa inahesabu maji yanayopotea kivyake, huyu anaweka ya zimamoto huyu haweki, huwezi kuwalinganisha. Ndo kikundi kazi cha International Water Association, chama cha kimataifa cha watu wa maji, kikatoa mwaka 2000 jedwali la mizania ya maji, linatenganisha yanayovuja ardhini na yanayopotelea kwenye mita mbovu, wizi na makosa ya kusoma mita. Dawa zake ni tofauti kabisa, ukibadilisha mita hujaziba hata tundu moja. Wakasema na asilimia peke yake inadanganya, na ni kweli, wateja wakitumia maji mengi zaidi asilimia ya upotevu inashuka wakati bomba linavuja vile vile, mkubwa anapongezwa bure. Ni makaratasi, sawa, ila yanakwambia uchimbe au ununue mita.

SWALI: Nikiingia nikashindwa naweza kutoka?

JIBU: Unatoka, hufungwi. Ila mwambie mwenyekiti mapema, usipotee kimya kimya, kwa sababu jina lako likibaki kwenye orodha na kura hupigi, akidi haitimii na wenzako wanakwama wanakusubiri wewe.