Maswali ya Wasomaji: Mvua ya Kipupwe Imekuta Mazao Uwanjani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza habari za mvua inayoshuka katikati ya kipupwe, wakati mahindi yako uwanjani, matofali yamepangwa na mikorosho imechanua. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Mahindi yangu yamepata joto chini ya turubai

*Ndugu wataalamu, mimi ni mkulima wa Kibaigwa, Dodoma. Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakuta mahindi yangu uwanjani, mengine yamepukuchuliwa na mengine bado. Niliyafunika kwa turubai. Leo ni siku ya tatu, na nikitia mkono ndani ya rundo nasikia joto. Mnunuzi ananiambia niyaanike siku moja tu kisha ayapakie. Je, yameharibika?*

Ndugu mkulima, weka barua hii chini ukatawanye rundo hilo sasa hivi. Joto unalolisikia ni dalili kwamba punje zinapumua na kuvu wameanza kazi. Vyote viwili hutoa joto na maji, na turubai limezuia vyote viwili visitoke. Mvua yenyewe ingekuletea hasara ndogo. Hasara kubwa inatokana na hizo siku tatu za kufunikwa.

Tandaza turubai moja chini, kwa sababu ardhi iliyolowa hupandisha unyevu usiku. Mwaga mahindi juu yake, unene usizidi sentimita 4 au 5, na uyageuze kila baada ya nusu saa au saa moja. Jioni, kabla umande haujaanguka, yakusanye na uyafunike. Asubuhi ufunue mara tu ardhi inapokauka, usingoje jua kali. Mahindi ambayo hayajapukuchuliwa yaache kwanza hivyo hivyo na uyaanike juu ya kichanja. Ukiyapitisha kwenye mashine yakiwa mabichi, punje zitapasuka, na punje iliyopasuka ndiyo mlango wa kuvu.

Kuhusu siku moja ya mnunuzi, hebu tupige hesabu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 linatakiwa kupoteza karibu kilo 6 za maji ili lifike asilimia 13, ambacho ndicho kiwango cha kuhifadhia. Jua la kipupwe, pamoja na baridi yake na mawingu ya baada ya mvua, haliwezi kutoa maji hayo kwa siku moja. Tegemea siku tatu hadi tano za anga safi.

Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi. Anika chumvi ya kawaida mpaka ikauke kabisa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, ya mililita 750 hivi, utie mahindi mpaka theluthi moja, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi hiyo. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, uiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya 15, ila usikimbilie kufunga. Mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka, haipitishi hewa, na unyevu uliomo haupati pa kutokea. Ongeza siku moja au mbili za jua, mpaka punje ikiumwa kwa jino ikatike kwa mlio.

Kisha chambua kwa mkono. Toa punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizosinyaa na zilizovunjika, uzitenge kabisa. Usizioshe na kuzirudisha, wala usiwape ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumukuvu hupita mpaka kwenye maziwa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, na mahindi yanaweza kuwa nayo bila kuonekana wala kunuka. Ndiyo maana tunasisitiza yapimwe kama ni mengi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla ya sumukuvu aina ya aflatoksini. Kilichotokea Kenya mwaka 2004 kisisahauliwe: huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mnunuzi anayekuhimiza upakie kesho hatakuwepo mezani unga huo utakapoliwa.

Ghalani, panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta nusu mita, na kila wiki utie mkono katikati ya lundo kusikiliza kama kuna joto.

Mvua hii ya mwezi wa saba imetoka wapi? Nipande?

*Mimi natoka Kongwa. Tumezoea mvua kuanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Imenyesha Julai, majirani wameanza kutupa mbegu. Je, majira yamegeuka?*

Hayajageuka. Kipupwe ni kikavu kwa sababu ukanda wa mvua umehamia kaskazini ya Ikweta, na huku kwetu unatawala upepo wa kusi unaotoka kwenye mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene. Ndani ya mfumo huo hewa ya juu hushuka, na hewa inayoshuka huzuia mawingu yasikue. Mgandamizo huo unapopata nguvu zaidi, kusi huvuma kwa kasi na kusukuma hewa ya baridi yenye unyevu wa bahari mpaka bara. Inapogonga milima hupanda na kutoa mvua: Uluguru, Usambara, Udzungwa na nyanda za juu kusini hupata manyunyu na ukungu upande wa mashariki, huku upande wa pili wa mlima vumbi likitimka. Pwani na visiwani watu wanaijua mvua ya mchoo, na Nairobi na Limuru wanayajua manyunyu ya Julai. Kwa Dodoma ni nadra, lakini hutokea hewa hiyo ya baridi ikifika uwandani, au hewa yenye unyevu ikisogea kutoka Kongo. Hupita kwa siku moja au mbili, kisha kusi kavu kinarudi.

Kwa hiyo usipande. Chukua jembe, chimba mahali pasipo na kivuli, utazame unyevu umeshuka mpaka wapi. Mvua ya milimita 10 ni lita 10 kwa kila mita ya mraba, na udongo mkavu wa tifutifu huimeza katika sentimita chache za juu tu. Jua na upepo wa Kongwa vinaweza kunyonya milimita 5 kwa siku. Mbegu itachipua, ikose maji kabla mzizi haujashuka, na utakuwa umezika mbegu ya msimu. Hata mvua zenyewe zikianza, ngoja unyevu ufike kina cha sentimita 15 hadi 20 na utabiri wa siku kumi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uonyeshe kwamba mvua inaendelea.

Kazi ya kufanya sasa ni kung'oa maotea, yaani mahindi yanayochipua yenyewe kutokana na punje zilizoanguka. Yakiachwa yawe mabichi wakati kila kitu kimekauka, viwavijeshi vamizi hupata pa kulea vizazi vyao mpaka msimu wako uwakute wanakusubiri. Na kama una karanga ambazo hujazing'oa, zing'oe mapema: aina zinazokomaa haraka hazina subira, zikilowa huota zikiwa bado ardhini.

Matofali mabichi yamelowa kabla ya kuchomwa

*Fundi wa matofali, Njombe. Nilikuwa na matofali kama 8,000 yanayosubiri tanuri. Mvua imeyapiga. Yapo yaliyokatika kona, yapo yaliyobonyea. Mwenye nyumba anataka tuchome wiki hii.*

Usichome wiki hii, fundi. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya kwanza. Tofali lenye maji ndani likipata moto mkali hupasuka, na likipasuka la chini, tanuri zima linakaa upande.

Yagawe mafungu matatu. Yaliyobonyea au kupinda yavunje, yarudishe shimoni, yakandwe upya. Udongo haujapotea, kilichopotea ni kazi. Yaliyoliwa kona kwa sentimita moja hivi yaweke kando kwa kuta za ndani zitakazopigwa lipu. Yaliyolowa juu juu tu yasimamishe kwa ubavu, nafasi ya kidole kati ya moja na jingine, ili upepo upite. Kwa ukungu wa Njombe yape siku 10 hadi 14. Livunje moja katikati ulitazame: kiini kikiwa na rangi nzito kuliko pembezoni, bado lina maji.

Funika juu kwa nyasi, ubavu uache wazi, isipokuwa upande mvua inakotokea. Mafundi wengi huviringisha nailoni kuanzia juu mpaka chini, na asubuhi nailoni imejaa matone kwa ndani. Matone hayo hurudi kwenye matofali. Chini chimba mtaro mdogo kuzunguka safu, kwa kuwa maji yanayotuama huyeyusha safu ya chini, nayo ndiyo inayobeba zote.

Siku ya kuchoma, anza na moto mdogo wa kuni chache kwa muda usiopungua saa 24. Utaona moshi mzito mweupe ukitoka juu: huo ni mvuke. Chomeka nondo baridi kati ya matofali ya juu kwa muda mfupi, uichomoe. Ikitoka na umande, endelea na moto mdogo. Ikitoka kavu, ongeza kuni.

Salfa imeoshwa kwenye mikorosho

*Mkulima wa Newala. Nimepuliza salfa ya unga, jioni yake mvua ikanyesha. Nirudie? Maua mengine yameanza kuwa meusi.*

Tazama mti kabla hujafungua mfuko mwingine. Salfa ya unga hukaa juu ya maua na majani bila kupenya, na mvua ya kutiririka huiosha. Kama ilikuwa manyunyu tu na bado unaona vumbi la manjano, usirudie. Kama imeoshwa, ngoja maua yakauke, rudia alfajiri isiyo na upepo, wakati umande mwembamba unashikisha unga, kwa gramu 250 hivi kwa mti mkubwa. Kisha hesabu wiki mbili kuanzia siku hiyo mpya, si ile ya zamani.

Weusi unaousema ndio unaotutia wasiwasi zaidi. Ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, huonekana kama unga mweupe wa kijivu, nao hustawi kwa baridi na umande bila hata kuhitaji mvua. Mvua kubwa hata huusafisha kwa muda. Maua yanayokauka na kuwa meusi baada ya mvua, pamoja na madoa ya kahawia kwenye majani machanga, huenda ni magonjwa ya chule au blaiti, na salfa haiyawezi hayo. Kata tawi moja lenye dalili, lifunge kwenye karatasi badala ya nailoni, umpelekee bwana shamba au kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kabla hujanunua kiuatilifu kingine. Kagua pia machipukizi mapya. Mvua ya namna hii huyaamsha, na mbu wa mikorosho huyafuata kuyafyonza.

Kahawa imechanua kabla ya wakati

*Mbozi. Tunavuna, na hapo hapo mibuni imetoa maua meupe baada ya mvua ya Agosti.*

Vichipukizi vya maua ya mbuni hulala wakati wa ukame, na mvua ya milimita 10 hivi huweza kuviamsha. Maua hufunguka siku 8 hadi 12 baadaye. Huwezi kuyarudisha. Mwakani utakuwa na matunda ya rika mbili au tatu katika tawi moja, kwa hiyo panga fedha za mizunguko zaidi ya kuchuma, na usikubali wachumaji wakwanyue tawi zima. Kahawa iliyo kwenye vichanja ifunike mvua ikija na uifunue ikiisha tu, na uishushe ikifika unyevu wa asilimia 11.

Mabwawa ya chumvi

*Assalamu alaykum. Tunavuna chumvi Kilwa. Mvua ya mchoo ilinyesha saa mbili, tabaka la chumvi likayeyuka. Kuna namna ya kuliokoa?*

Waalaykumu salaam. Ipo, lakini ni kazi ya saa chache. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji mazito ya chumvi, kwa hiyo mwanzoni huelea juu. Yakiachwa, upepo wa kusi huyachanganya na ya chini, na hapo ndipo chumvi iliyokwisha kuganda huanza kuliwa. Lita moja ya maji matamu inaweza kuyeyusha gramu 360 hivi. Katika bwawa la mita 20 kwa 50, mvua ya milimita 10 ni lita 10,000, na kwa upeo wake hizo zinaweza kumeza tani 3.6.

Kila bwawa la kugandishia liwe na mlango wa mbao nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mvua ikikatika, toa mbao ya juu tu, iliyo usawa wa maji, upande ule upepo unakoelekea. Tabaka la juu litamwagika polepole. Weka kipimo cha Baume, kinachoonyesha ukolevu wa maji ya chumvi, kwenye maji yanayotoka: yakianza kusoma karibu na yale ya chini, rudisha mbao. Kipimo cha bwawa kikishuka chini ya 25, chumvi haitaganda, kwa hiyo yaondoe maji hayo uyarudishe kwenye bwawa la kukolezea na ujaze mengine yaliyokolea. Na mkiona wingu linakuja kabla ya kuvuna, chumvi iliyofika unene wa kuvunika ikwanguliwe ipandishwe kingoni, ilundikwe kama tuta lenye mgongo na kufunikwa kwa makuti. Lundo hilo litapoteza kidogo tu upande wa nje.