Kabla ya Kununua Stata Mpya ya Land Rover ya Zamani

Wenye Land Rover za zamani hapa Tabora tunaijua sauti ile: ufunguo unazungushwa, injini inajivuta kwa uzito mara mbili tatu, kisha inanyamaza kabla haijawaka. Wengi hukimbilia betri mpya, na tatizo likibaki palepale, huagiza stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nimetunza Land Rover Series III ya petroli, gari la aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na ninachowashauri wenzangu ni kwamba stata ihukumiwe mwisho, baada ya betri, nyaya na injini yenyewe kupimwa, kwa sababu stata iliyochoka na stata yenye afya isiyofikiwa na umeme wa kutosha huonyesha dalili zilezile.

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini. Stata ya injini hii yenye ujazo wa sisi (cc) 2,286 huvuta zaidi ya ampea 100 inapofanya kazi. Tuchukulie ampea 150: kiungo kimoja chenye kutu, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kitakula volti 1.5 kabla umeme haujafika kwenye stata, na viungo viwili vya namna hiyo vitaiacha stata ikifanya kazi kwa umeme pungufu mno. Taa na honi huvuta ampea chache, hivyo huwaka na kulia vizuri katika gari hilohilo, na mwenye gari huamini kwamba nyaya zake hazina kasoro.

Anza na betri, na uipime kwa mita ya umeme badala ya kuikisia. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu ya chaji, na hapo ichajiwe kwanza, kwani bila hivyo vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Joto la mwezi wa Oktoba hukausha maji ya betri na kufupisha maisha yake, kwa hiyo fungua vifuniko na uhakikishe kwamba bati za ndani zimefunikwa. Kisha chomoa waya mnene wa katikati ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, na uuegemeze kwenye chuma cha injini ili gari lisiwake, umwombe mtu azungushe ufunguo, na usome mita wakati stata inafanya kazi. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Usizidishe sekunde kumi kwa mkupuo mmoja, na uiache stata ipoe kabla ya kurudia.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho ambacho mafundi wengi hukiruka. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya betri upande wa chanya, yaani kwenye risasi na si kwenye tamino iliyoifunga, na ncha nyingine kwenye bolti ya stata inayopokea waya mkubwa. Wakati stata inazunguka, mita itakuonyesha volti zinazopotea njiani. Zikizidi 0.5, sogea hatua kwa hatua: tamino, waya, bolti mbili za solenoidi (swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa wa stata), waya wa pili, mpaka uone ni wapi namba inaruka. Solenoidi ya modeli zenye stata ya zamani iko peke yake, mbali na stata, na sahani yake ya ndani huungua kwa miaka, kwa hiyo inaweza kutoa mlio mzuri wa kushika huku ikipitisha umeme kidogo sana. Mara nyingi kubadilisha solenoidi peke yake kunamaliza kazi, tena kwa gharama ndogo.

Rudia kipimo hicho upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye mwili wa stata. Hapa Land Rover ina maradhi yake. Injini na giaboksi vimekaa juu ya mipira, bodi ni ya aluminiamu, chesi ni ya chuma, na aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu huzaa ulikaji unaozuia umeme. Stata inategemea ukanda wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, unaounganisha injini au giaboksi na chesi, nao umejificha chini ambako matope ya masika na mafuta yanayovuja huufikia kila siku. Ukikatika au ukilegea, umeme hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni kebo ya choki au ya spidomita. Choki ikipata moto mkononi mwako wakati unapiga stata, usitafute zaidi, lala chini ya gari uangalie ethi. Gari langu lilipoanza kujivuta, ugonjwa ulikuwa hapo: nilifungua ukanda, nikasugua chesi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafunga upya na kupaka grisi kwa nje, na stata ileile iliyokuwa ikisuasua ikazungusha injini kwa nguvu.

Nyaya zikiwa safi, ipime injini. Magari haya yana bahati ya kuwa na hendeli ya kuzungushia kwa mkono, na hendeli inakuambia mengi: ukitoa plagi zote, injini inapaswa kuzunguka kwa wepesi na kwa ulaini. Ikishika mahali fulani, au ikiwa nzito muda wote, stata haina kosa. Ukizungusha plagi zikiwa mahali pake, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikipiga teke kinyume inaweza kukivunja. Teke la namna hiyo pia ni ishara kwamba taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, imetangulia mno, na taimingi iliyotangulia huifanya stata nzima ionekane dhaifu, hasa injini ikiwa ya moto.

Stata inayovuma kwa kasi bila injini kuzunguka haina upungufu wa nguvu. Kinachokosea ni bendeksi, yaani kifaa kinachosukuma gia ndogo ya stata, iitwayo pinioni, hadi ishike injini. Katika stata za petroli za aina ya zamani, pinioni husukumwa mbele na mwendo wa stata yenyewe kwenye nyuzi kama za skrubu, na vumbi la kiangazi la safari za Rungwa kupitia Ipole likichanganyika na mafuta huigandisha. Ioshe kwa mafuta ya taa na uiache kavu. Anayekushauri uipake grisi nzito anakuandalia ugonjwa huohuo kwa msimu ujao.

Ikithibitika kwamba umeme unaifikia stata na injini ni nyepesi, basi ndipo uifungue. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha waya wa stata, na uishikilie stata kwa mkono unapolegeza bolti ya mwisho, maana ni nzito. Ndani utakuta mambo matatu ya kuangalia. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilizolika sana, au zinazokwama katika nyumba zake, hubadilishwa. Zile zilizolehemiwa kwenye koili zinahitaji chuma cha kulehemu chenye joto la kutosha, na kazi hiyo apewe fundi umeme mwenye mkono mtulivu. Komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba inayosuguliwa na kaboni, isafishwe kwa msasa laini wa kawaida, wala zile nafasi kati ya vipande vya shaba zisichimbwe kama inavyofanyika kwenye dainamo. Bushi zilizolika huiachia amecha, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, ishuke na kusugua vyuma vya koili, nawe utaona michirizi inayong'aa. Bushi mpya za shaba ziloweke katika oili nyepesi ya injini usiku na mchana mzima kabla ya kuzipiga mahali pake.

Amecha iliyoungua, yenye risasi ya kulehemia iliyorushwa na vipande vya komyuteta vilivyoinuka, ndiyo inayonifanya nikubali kununua. Fundi mzuri anaweza kuisuka upya, ila kabla ya kumkabidhi uone kazi zake nyingine. Ukiagiza kutoka Gerezani, Dar es Salaam, usiseme tu kwamba unataka stata ya Land Rover: stata ya dizeli na ya petroli hazilingani, na zile za petroli zenyewe ziko za bendeksi na ziko zenye solenoidi mgongoni. Tuma picha, hesabu meno ya pinioni, pima umbali kati ya matundu ya bolti. Siku hizi zipo pia stata nyepesi zenye gia za kupunguza mwendo, ambazo huvuta umeme kidogo na kuzungusha injini haraka zaidi. Ni nzuri, lakini kwa gari linalokwenda mbali na mji mimi nachagua ya asili iliyokarabatiwa, kwa kuwa fundi wa Sikonge au Urambo anaweza kuifungua barabarani na kukuwashia gari.

Kabla ya kufunga, tazama meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalozungushwa na stata, kupitia tundu la stata huku ukizungusha injini kwa hendeli. Injini ya silinda nne hupenda kusimama katika sehemu mbili zilezile, hivyo meno ya sehemu hizo ndiyo yanayolika, na stata mpya haitaponya meno yaliyolika. Safisha pia uso ambao stata inakalia hadi uwe chuma kitupu, kwani mwili wa stata ndio ethi yake. Stata iliyopakwa rangi mpya ikwanguliwe rangi hapo. Ukishafunga, rudia vipimo vyote kwa mpangilio uleule, uandike namba zake kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa boneti pamoja na tarehe, ili siku injini itakapoanza tena kujivuta uwe na cha kulinganisha.